Usafi Kamili wa Picha

Siku tatu baada ya ripoti ya moto wa Kiwanda cha Chai Ndubila kusomwa redioni, Ipyana Mwasomola aliingia katika studio ya Tusekile Mwakalobo, mjini Tukuyu, bila kupiga hodi. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mabati ya sokoni. Tusekile alikuwa akihariri video ya harusi. Alimtambua mgeni wake mara moja, kwa sababu alikuwa amemtazama usoni siku tisa mfululizo kwenye skrini. Ndiye yule mfanyakazi wa chumba cha kukaushia majani aliyetoka hai kwa kutoboa dari.

"Wewe ndiye uliyetengeneza ile video ya Baraza la Uchunguzi," Ipyana alisema.

"Sikuitengeneza, niliihariri tu. Karibu kiti, kaka."

Hakukaa. Alifungua viganja vyake akavilaza mezani, kando ya kibodi. Vilikuwa na makovu ya moto, lakini hayakuwa makovu ya kawaida. Yalikuwa maduara marefu, moja limeingia ndani ya jingine, yamepanga mstari kutoka chini ya kidole gumba hadi upande wa pili wa kiganja.

"Mlango ulifungwa kwa mnyororo na kufuli," alisema. "Msimamizi alikuwa akiufunga kwa ndani kila zamu, kisha akajifungia ofisini kwake na ufunguo, ili tusitoke na majani. Mimi niliushika mnyororo huo ukiwa umeshapata moto. Sasa ripoti inasema mlango haukuwa na kufuli, sisi tukahamaki, tukausukuma badala ya kuuvuta. Watu kumi na mmoja wamekufa kwa ujinga wao wenyewe. Ndivyo redio ilivyosema, na mama yangu alikuwa anasikiliza."

Tusekile aliudhika. Katika miaka mitatu ya kuhariri ushahidi alikuwa amewapokea wengi wa namna hii, watu waliochukia kile ambacho video ilionyesha wakaja kumlaumu yeye. Alijua la kuwaambia.

"Pole sana, kaka Ipyana. Lakini mimi siwezi kutia kitu ambacho kamera haikukiona."

Akamgeuzia skrini, akamwonyesha. Moshi, migongo ya watu, mikono inayogonga, na mlango wa mbao wenye vishikio viwili vya chuma. Hapakuwa na mnyororo wala kufuli. Pembeni ya picha muhuri wa kijani ulikuwa umetulia, haupepesi.

Muhuri huo haukuwa mchezo. Tangu Sheria ya Muhuri ipite, hakuna skrini nchini, ya simu wala ya mahakama, iliyokubali kuonyesha video isiyokuwa nao. Na watu waliishangilia sheria ile. Walikuwa wamechoka na video za kughushi. Mchungaji mmoja alichomewa nyumba na waumini wake kwa maneno ambayo mdomo wake haukuwahi kuyasema. Kwa hiyo kazi ya kuthibitisha ikaondolewa mikononi mwa watu, ikapewa mashine. Muhuri ulitolewa na mfumo endeshi wa kompyuta yenyewe, na mfumo pekee uliokuwa na kibali cha kuutoa uliitwa Angavu.

Ipyana aliitazama video mpaka mwisho. Alijiona akiuacha mlango na kupanda juu ya mashine.

"Basi niliungua kwa hewa," alisema. Akakunja mikono yake, akatoka, akauacha mlango wazi.

Tusekile alibaki na hasira kwa muda mrefu, hasira ya mtu aliyetuhumiwa akiwa ndani ya nyumba yake. Aliirudia ile sehemu ya mlango ili ajithibitishie tu. Akaikuza, akaipunguza mwendo, akaitazama fremu moja baada ya nyingine.

Mbao zilikuwa safi. Zilikuwa safi mno, bila kovu wala mkwaruzo, katika kiwanda ambacho kila kitu kilikuwa na mikwaruzo. Kisha akauona moshi. Ulishuka kutoka juu sawasawa, lakini ulipofika kwenye vishikio ulijigawa vipande vidogo vidogo, ukazunguka kitu ambacho hakikuwepo, ukaungana tena chini yake.

Aliutazama mara saba. Kisha akafungua kabati la chuma, akatoa bahasha yenye memori kadi halisi ya kamera ya kiwanda, ambayo kwa sheria ilitakiwa kukaa kwake miaka mitano. Akaiweka kwenye mashine. Akatazama tena, safari hii moja kwa moja kutoka kwenye kadi.

Mlango ulikuwa safi vilevile.

*

Gwakisa Mwalwisi alikuwa na karakana pale Kiwira, chumba kimoja kilichojaa mashine zilizofunguliwa vifuniko. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, mpole kwa kila mtu isipokuwa Tusekile, na alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma yeye ndiye aliyemjengea ile mashine ya kuhariria. Aliiwekea mfumo uitwao Jabali, uliotengenezwa na kundi la mafundi waliotawanyika nchi nzima, naye akiwa mmoja wao. Tusekile aliutumia wiki tano. Jabali ilisoma picha kama ilivyokuja. Kama kamera ilitikisika, picha ilitikisika. Kama fremu ilikuwa mbovu, Jabali ilionyesha shimo jeusi na kusubiri mtu aamue. Kazi ya siku moja ilichukua siku nne. Na haikuwa na muhuri.

Angavu ilimaliza kazi ileile kabla chai haijapoa. Tusekile aliing'oa Jabali bila kumwambia, Gwakisa alipokuja kufanya matengenezo akakuta mashine yake ina sura ya mtu mwingine.

"Leo umekumbuka njia," Gwakisa alisema bila kuinua macho kutoka kwenye solda yake.

"Shikamoo, kaka Gwakisa."

"Marahaba. Sema."

Akampa kadi na kumweleza.  Gwakisa alifuta mikono, akaiingiza ile kadi kwenye mashine yake ya Jabali, ambayo skrini yake ilikuwa ya zamani, ya kabla ya Sheria ya Muhuri.

Picha ilikuja chafu. Iliruka, ilikuwa na mistari ya kijivu, na kila baada ya muda mfupi palitokea shimo jeusi. Lakini mnyororo ulikuwepo. Ulipita kwenye vishikio mara mbili na kufuli lilining'inia chini, kubwa, la aina inayofungia maghala. Mikono miwili ya Ipyana iliushika na kuuvuta. Tusekile alimwona akiuachia, akiangalia viganja vyake, kisha akiushika tena. Katika video yenye muhuri mikono hiyohiyo ilikuwa ikipapasa mbao, kama ya mtu asiyejua mlango unafunguliwaje.

Tusekile aliketi juu ya boksi la vyuma.

"Lakini niliifungua kadi hii hii kwangu. Sikuhariri chochote. Niliitazama tu."

"Ndipo hapo," Gwakisa alisema. "Wewe unadhani unatazama, kumbe unasimuliwa. Mfumo endeshi ndio unaosimama kati ya kadi na macho yako. Angavu haisomi picha, inasoma maana yake. Ikiona moshi umeharibu sehemu, inajiuliza hapa pangekuwa na nini, inajaza. Imefundishwa kwa milango mamilioni. Ni mlango gani wa kutokea unaofungwa kwa mnyororo kwa ndani, watu wakiwemo? Hakuna. Kwa hiyo ikaona mnyororo ni uchafu, ikausafisha."

"Na muhuri?"

"Muhuri unasema hakuna mtu aliyeigusa picha. Si uongo. Hakuna mtu aliyeigusa." Akavuta pumzi. "Ulipoiweka Angavu ilikuuliza swali moja. Usafi wa picha, wa kiasi au kamili. Ulijibu nini?"

Tusekile alikumbuka. Alikumbuka hata alikuwa anakula nini. Lilikuwa swali la nne katika mlolongo wa maswali kumi na mawili, na yeye alikuwa na haraka.

"Kamili," alisema.

"Mimi nilikwambia siku nilipoikuta kwako. Ukanijibu kwamba ninatetea mfumo wangu kwa wivu."

"Kwa hiyo leo unafurahi."

Gwakisa aliigeuza skrini ikamkabili Tusekile kabisa. Chini ya mlango, kwenye upenyo, vidole vya mtu vilikuwa vimejipenyeza kutafuta hewa. "Niambie nifurahie kipi hapa," alisema. "Nionyeshe nifurahie."

 Nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa kuita. Hatimaye Gwakisa ndiye aliyesema jambo ambalo Tusekile alikuwa amelikwepa kwenye basi dogo la kuja na bado alikuwa analikwepa.

"Ukilisema hili barazani, halitaishia kwenye moto. Umepiga muhuri kazi ngapi kwa mashine ile?"

"Mia tatu na kitu."

"Ya kesi ya Bupe ikiwemo."

"Ya Bupe ikiwemo," Tusekile alisema.

*

Kesho yake alipiga simu kwa kampuni ya Angavu. Alisubiri huku akisikiliza muziki laini, kisha ikaja sauti ya kijana mwenye adabu nyingi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante kwa maoni yako, mama. Hiyo si kasoro. Ni sehemu ya huduma ya usafi kamili, ambayo uliichagua mwenyewe tarehe uliyoanza kutumia."

"Imefuta mnyororo uliowafungia watu kumi na mmoja wakafa."

"Ninaelewa unavyojisikia. Mfumo haufuti, mama. Mfumo unapendekeza picha iliyo karibu zaidi na hali ya kawaida."

"Na hali isipokuwa ya kawaida?"

Zilisikika karatasi zikigeuzwa, za mtu anayetafuta mstari wake.

"Je, kuna jambo jingine ningeweza kukusaidia?"

Tusekile alikata simu. Alitaka kuivunja ile mashine. Alinyanyua kabisa nyundo ya kugongea viunzi vya taa, akasimama nayo mbele ya skrini iliyokuwa bado inaonyesha bibi harusi akicheka kwa meno meupe kuliko meno yoyote aliyowahi kuyaona Tukuyu. Kisha akaelewa kwamba mashine hiyo sasa ilikuwa ushahidi. Akaiweka nyundo chini. Hasira ikabaki naye, haina pa kwenda.

Aliandika orodha ya kazi zote alizozipiga muhuri. Nyingi zilikuwa harusi, mikutano ya vijiji, mipaka ya mashamba. Arobaini na mbili zilikuwa za mahakama. Namba kumi na saba ilikuwa ya Bupe Kajuni.

Bupe alikuwa fundi cherehani. Mumewe, Ambakisye, alimfuata sokoni mchana kweupe na kumkata kwa panga mkono wa kulia, mara tatu. Waliokuwepo walikuwa wengi, lakini mahakamani waliojitokeza walikuwa wawili, na wote wawili walisema hawakuona vizuri, maana Ambakisye alikuwa na ndugu wakali. Kamera ya soko ndiyo iliyomfunga. Ilirusha picha zake hewani bila kadi, na picha za asili zilishafutika zenyewe baada ya siku tisini kama ilivyopangwa. Kilichobaki duniani kilikuwa video moja tu, ile aliyoihariri Tusekile kwa Angavu. Ambakisye alipewa miaka kumi na minne. Alikuwa ameshatumikia mmoja na nusu.

*

Duka la Bupe lilikuwa mtaa wa nyuma ya benki, chumba chenye dirisha moja na cherehani iliyogeuzwa ili kitambaa kiongozwe kwa mkono wa kushoto. Tusekile alimkuta akitia pindo kwenye shati la shule. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimejikunja.

"Dada Tuse," Bupe alisema kwa furaha. "Karibu. Umeniletea kitambaa?"

"Hapana, mdogo wangu. Nimeleta habari."

Alimweleza yote. Hakukwepa kitu. Alimweleza mnyororo, usafi kamili, muhuri, na kwamba akisimama barazani kusema, mawakili wa kila mfungwa aliyefungwa kwa video yake watakimbilia mahakamani kabla hajashuka ngazi. Bupe aliendelea kushona mpaka katikati ya maelezo, kisha mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Kwa hiyo kwenye video yangu," alisema taratibu, "panga limetiwa na mashine?"

"Sijui. Huenda kila kitu ni kama kilivyokuwa. Lakini siwezi kuapa, na hakuna tena cha kulinganisha."

"Mimi naweza kuapa. Nilikuwepo."

"Najua."

"Hujui." Bupe aliunyanyua mkono wake wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akauweka juu ya meza ya cherehani. Ulikuwa na mistari mitatu minene, na kiwiko hakikunyooka. "Nilikwenda polisi na huu. Nikaenda kwa hakimu na huu. Wakaniuliza shahidi ni nani. Mkono wangu ukakataliwa, video yako ikakubaliwa. Na mimi nikashukuru. Nilikuja kukushukuru na maziwa, unakumbuka? Sasa unaniambia hata hiyo ni ya mashaka."

"Bupe..."

"Subiri, dada. Niulize kwanza. Umekuja kunipa taarifa, au umekuja ili mimi nikuombe usiseme, uondoke ukiwa na sababu?"

Tusekile alifungua mdomo kukana. Lakini alikuwa amekuja njia nzima akiomba jambo hilohilo. Kama Bupe angelia na kumshika miguu, angerudi nyumbani akiwa amefungwa mikono kwa huruma, na watu kumi na mmoja wa Ndubila wangebaki wajinga waliosukuma mlango wa kuvuta.

"Nilikuja kwa hilo la pili," alisema. "Nilikuwa sijajua mpaka ulivyosema."

Bupe alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa na hasira ambayo Tusekile hakuweza kuikwepa, kwa sababu haikuwa na makelele.

"Mimi sikupi ruhusa," Bupe alisema. "Wala sikukatazi. Mzigo huo usinitwishe, mkono wenyewe ni mmoja. Wale waliokufa mle ndani mmoja alikuwa mteja wangu, Sekela, nilimshonea gauni la kipaimara cha mwanawe. Nenda kafanye unalolijua. Lakini usije hapa tena kuniambia unaniombea."

Akarudisha mguu kwenye cherehani. Tusekile alisimama mlangoni kidogo, akaona haitwi, akaondoka.

*

Baraza la Uchunguzi lilikubali kusikiliza ombi la Tusekile la kufungua upya shauri la moto kwa saa mbili tu, siku ya Alhamisi, katika ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Perpetua Ngalomba, mwanamke mfupi aliyezoea kusikiliza akiwa amefumba macho. Ipyana alikaa mstari wa mbele na mama yake. Gwakisa alileta mashine zote mbili, yake na ya Tusekile, kwenye mkokoteni kwa sababu hakumwamini mtu kuzibeba.

Wakili wa kiwanda, bwana Shekalaghe, alisimama kabla Tusekile hajamaliza kuapa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shahidi anataka kuonyesha video isiyo na muhuri. Sheria iko wazi. Isiyo na muhuri si ushahidi. Na kama sasa anasema muhuri wake mwenyewe si wa kuaminika, basi tumwamini kwa lipi? Ama alidanganya wakati ule, ama anadanganya leo."

Watu walinung'unika. Tusekile alihisi uso unamchoma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa na mantiki.

"Sitaki muamini video yangu," alisema. "Sina video. Nina kadi. Naomba mashine hizi mbili ziwekwe pamoja, na kadi hii moja itoke kwenye moja iingie kwenye nyingine, mbele yenu. Kama sheria inakataza kutazama skrini ya Jabali, Mheshimiwa, tazameni ile ya Angavu peke yake, na mnieleze moshi unazunguka nini."

Jaji alifumbua macho. "Wekeni," alisema.

Gwakisa aliziweka mashine bega kwa bega. Kadi iliingia kwanza kwenye Angavu. Mlango safi, mikono inayopapasa. Kadi ikatolewa, ikaingia kwenye Jabali. Mnyororo.  Mama yake Ipyana alimshika mwanawe mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja, kisha skrini, kisha kiganja.

"Rudieni," Jaji alisema.

Walirudia. Mnyororo ukatoweka. Wakarudia tena. Ukatokea. Mara ya tano Jaji aliwaamuru waache. Alivua miwani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia.

"Nimetia saini ripoti," alisema. "Nimewaandikia wafiwa kwamba ndugu zao walihamaki. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu." Akamgeukia Tusekile. "Mama, wewe ni mtaalamu. Mifumo ilikuwa miwili na, kama ulivyoandika katika ombi lako, fundi alikuonya. Kwa nini ulichagua huu?"

Wakili wa kiwanda alikuwa ameshika kalamu. Tusekile alijua kwamba lolote atakalolisema litasomwa katika kesi arobaini na mbili. Angeweza kusema sheria ilimlazimisha, na ingekuwa nusu ya kweli. Angeweza kusema aliamini kampuni.

"Kwa sababu ulikuwa mwepesi," alisema. "Na kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri. Wateja walifurahi, mahakama zilifurahi, na mimi nilifurahi. Nilikuwa nauona uso wa mtu aliyelia ukitoka umetulia kidogo kuliko nilivyomkumbuka, nikasema ni taa. Nilionyeshwa uzuri kila siku nikauita ukweli. Hakuna aliyenilazimisha kujibu kamili. Hata hivyo, Mheshimiwa, mimi nilijibu swali moja tu. Kuna watu walioliandika lile swali, na kuna aliyefunga ule mnyororo. Nawaomba msiishie kwangu."

Jaji aliandika kwa muda. Kisha akasoma amri, neno kwa neno, kwa sauti kavu. Ripoti imefutwa. Msimamizi na wakurugenzi wa kiwanda waitwe. Kadi na mashine zote mbili ziwekwe chini ya ulinzi. Muhuri wa Angavu usitambuliwe na chombo chochote cha haki mpaka uchunguzi ukamilike.

Hakuna aliyepiga makofi. Ipyana alipopita mbele ya Tusekile hakumpa mkono. Alikuwa hawezi kukunja vidole vizuri. Alisimama tu.

"Mama amesikia," alisema, akaenda zake.

*

Msimamizi wa Ndubila alikamatwa Mbeya wiki iliyofuata. Angavu ilitoa tangazo refu lenye neno "kujifunza" mara sita. Studio ya Tusekile ilikuwa tupu, meza haina mashine, na simu zilizoingia zilikuwa za kumtukana. Wengine walimtukana kwa kuwafunga ndugu zao, wengine kwa kuwafungulia maadui zao. Alizipokea zote. Hakuona kama alikuwa na haki ya kuzima simu.

Maombi ya rufaa yalifika ishirini na tisa. La Ambakisye lilikuwa la nne kusikilizwa. Bila video hapakuwa na shahidi aliyekubali kwamba aliona, na bila shahidi huyo hakimu aliamuru kesi ianze upya na mshtakiwa awe nje kwa dhamana. Gwakisa ndiye aliyempigia Tusekile kumwambia. Alimwambia pia kwamba mafundi wa Jabali wameitwa wizarani kuulizwa kama mfumo wao unaweza kupewa muhuri, na kwamba yeye amewajibu hapana, mfumo usipige muhuri kitu chochote, mtu ndiye asimame na kuapa. Tusekile alisikia nusu yake. Alikuwa ameshavaa viatu.

Alitembea mpaka mtaa wa nyuma ya benki. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa inateleza. Alikuwa amekatazwa asiende tena kule kuleta maombi, na hakuwa na maombi. Hakuwa na kitu chochote mkononi.

Bupe alikuwa dukani. Mlango ulikuwa wazi kabisa, umezuiliwa kwa jiwe, na cherehani ilikuwa imesogezwa mpaka ukutani, ili anayeshona aweze kuona barabara yote kuanzia kona ya juu. Alikuwa anashona kwa kasi. Alimwona Tusekile akakunja uso, lakini hakumfukuza.

"Ametoka saa tano," Bupe alisema.

"Nimesikia."

"Polisi wamesema hawawezi kuweka mtu hapa. Wamesema nikimwona, nimpige picha iwe ushahidi." Alicheka, kicheko kifupi cha uchungu, kisha akakata uzi kwa meno. "Mawakili watakuja na maneno yao. Safari hii sitaki video ya mtu. Nitapanda kizimbani mwenyewe na mkono huu, nao watautazama mpaka waseme ni nini. Na wale wawili wa sokoni nimeshawafuata majumbani. Mmoja amekubali kusema alichokiona."

"Na leo?" Tusekile aliuliza. "Kuanzia leo mpaka siku ya kesi?"

Bupe alisimamisha cherehani. Aliinama, akavuta kigoda kutoka chini ya meza kwa mguu, akakisukuma mpaka kizingitini, upande unaotazama kona ya juu.

"Kaa hapo," alisema. "Sijakusamehe. Kaa tu. Macho yako yalikuwa kazini miaka mitatu bila kuona, sasa yafanye kazi."

Tusekile alikaa. Kigoda kilikuwa kifupi na magoti yake yalipanda juu. Aliitoa simu mfukoni kwa mazoea, kamera yake ikiwa tayari imewaka.

"Weka hiyo," Bupe alisema nyuma yake, cherehani ikianza tena kunguruma. "Ukimwona anakuja, usipige picha. Piga kelele."